Kusi na kaskazi hubadilisha joto la bahari kila mwaka. Iweje digrii mbili ziue?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi nanunua na kuuza samaki hapa Tanga. Nimesoma kwamba huko Alaska kaa zaidi ya bilioni 10 walitoweka kwa sababu bahari ilipata joto la digrii mbili tatu, na ndege wa baharini wakafa kwa mamilioni. Hapa kwetu maji ya Agosti ni ya baridi na ya Machi ni ya moto, tofauti inafika digrii nne, na samaki hawafi. Sasa hizo digrii mbili zinauaje? Wanasayansi hawatii chumvi? Na nikikuta samaki wengi wamekufa ufukweni nitajuaje kama ni joto?"

Marahaba. Hesabu yako haina kosa. Pwani ya Tanga na Mombasa maji ya juu hushuka hadi kama digrii 25 mwezi wa Agosti, kusi likiwa limeshika, na hupanda hadi 29 au zaidi kidogo Machi na mwanzoni mwa Aprili, kaskazi linapokata na bahari kulala. Samaki, pweza na matumbawe ya hapa yote yamekulia ndani ya mabadiliko hayo. Kama kupanda na kushuka kwa joto peke yake kungekuwa kunaua, bahari yetu ingebaki tupu zamani sana.

Cha kuuliza ni kwamba hizo digrii za ziada zinaangukia wakati gani wa mwaka, na zinakaa kwa muda gani. Agosti ikiongezeka digrii moja na nusu, maji yanafika 26 na nusu, joto ambalo kila kiumbe wa hapa hulipitia kila mwaka, hakuna atakayeshtuka. Machi ikiongezeka kiasi kilekile, maji yanapita 30, na yakikaa hapo wiki sita au nane kiumbe anajikuta mahali ambapo yeye na waliomzaa hawajawahi kuishi. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii: viumbe wa bahari za joto kama yetu ndio wanaoishi karibu zaidi na kikomo chao. Wa bahari za baridi mara nyingi wana nafasi pana ya kupanda kabla hawajaguswa. Wa kwetu wamebakiwa na digrii chache tu, na mayai na vifaranga vya samaki wana nafasi finyu zaidi kuliko samaki mzima.

Matumbawe yanaonyesha jambo hili wazi kuliko kiumbe kingine chochote, ndiyo maana yana kipimo chake maalumu. NOAA, shirika la serikali ya Marekani linalofuatilia bahari na anga, huchukua wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote wa mahali husika, kisha huhesabu wiki ambazo maji yamezidi hapo kwa digrii moja au zaidi. Digrii moja ya ziada kwa wiki nne ni alama nne. Digrii mbili kwa wiki nne ni alama nane. Zikifika nne, tarajia matumbawe kupauka. Zikifika nane, tarajia mengi kufa. Katika hesabu hiyo joto la Agosti halihesabiwi kabisa, na tofauti uliyoitaja kati ya kusi na kaskazi haiingii.

Ukilitazama tumbawe kwa karibu, kila kitundu kina mnyama mdogo laini mwenye vimikono, na ndani ya nyama yake wamejaa mwani wa chembe moja wasioonekana kwa macho. Hao hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua na kumgawia mwenyeji wao. Hadi asilimia 90 ya nguvu anayoitumia inaweza kutoka kwao. Maji yanapozidi joto huku jua ni kali, kazi hiyo huharibika, na badala ya sukari wanaanza kutoa oksijeni za aina inayounguza nyama. Mnyama huwatimua. Kwa kuwa rangi ya tumbawe ni rangi yao, wakiondoka unabaki kuiona chokaa nyeupe kupitia nyama isiyo na rangi. Hapo tumbawe bado liko hai, ila lina njaa. Maji yakipoa mapema, mwani hurudi. Yasipopoa, nyama hubanduka, na baada ya siku chache chokaa huvikwa utando wa kijani na kahawia. Mpiga mbizi atakayefika miezi miwili baadaye hatakuta weupe wowote. Atakuta mwamba wenye rangi ya tope, na akiwa mgeni wa mahali hapo atadhani umekuwa hivyo siku zote.

Wazee wa pwani wanaikumbuka 1998 kwa mvua kubwa za El Niño, zile zilizoanza mwishoni mwa 1997 na kukata barabara. Chini ya maji mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kati ya Machi na Mei bahari ya magharibi mwa Bahari ya Hindi ilibaki na digrii moja hadi mbili za ziada, na maeneo mengi ya Kenya na Tanzania, kuanzia Kiunga na Malindi hadi Mafia, yalipoteza kati ya nusu na asilimia 90 ya matumbawe yake. Visiwa vya ndani vya Ushelisheli vilipoteza zaidi ya asilimia 90. Duniani kote inakadiriwa asilimia 16 ya miamba ya matumbawe iliharibika mwaka huo mmoja. Taasisi ya CORDIO, inayofuatilia matumbawe ya Bahari ya Hindi na ambayo leo iko Mombasa, ilianzishwa 1999 kwa sababu ya msiba ule.

Kwa hiyo jibu fupi la swali lako la kwanza ni kwamba hata hapa kwetu wamekufa, tena wengi, ila hawaelei juu ya maji wakanuka. Tumbawe likifa halina mzoga wa kukufikia ufukweni.

Sasa twende Alaska, kwa kuwa ndiko ulikoanzia. Kaa unaowataja ni kaa wa theluji, na huishi sakafuni mwa Bahari ya Bering, mahali ambapo barafu ya majira ya baridi huacha chini yake eneo kubwa la maji yasiyofika digrii 2. Mwaka 2018 barafu ilikuwa haba kuliko miaka yote iliyopimwa, na maji yale ya baridi yakakaribia kutoweka. Mwaka huohuo kaa walikuwa wengi kupita kiasi. Kufikia 2021 zaidi ya bilioni 10 hawakuwapo tena, na Oktoba 2022 msimu wa kuwavua ukafutwa kwa mara ya kwanza katika historia ya uvuvi huo.

Watu wakisikia hivyo hudhani kaa walipikwa. Maji hayakuwa ya moto hata kidogo. Majaribio ya maabara yanaonyesha kaa hao wanaweza kustahimili hadi digrii 12 hivi, na sakafu ya Bering haikukaribia hapo. Watafiti wa NOAA waliochapisha matokeo yao katika jarida la Science mwaka 2023 walipima sababu moja baada ya nyingine: uvuvi, maradhi, kuliwa na samaki, kulana wenyewe kwa wenyewe. Uzito mkubwa ukaangukia joto likichanganyika na msongamano. Kaa hana joto lake mwenyewe. Mwili wake huchukua joto la maji yaliyomzunguka, na maji yakipanda kutoka sifuri hadi 3, chakula anachohitaji ili abaki hai hukaribia kuwa maradufu. Sasa chukua mabilioni ya kaa, wabane kwenye eneo dogo, kisha mwambie kila mmoja ale karibu mara mbili ya alivyokuwa akila. Wale wa 2018 walipopimwa walikuwa wepesi kuliko kaa wa ukubwa uleule wa mwaka uliotangulia. Walikufa njaa.

Mimi kisa hiki nakiona muhimu kuliko picha zote za matumbawe meupe, kwa sababu kinaonyesha jinsi joto linavyofanya kazi kwa kawaida. Mara chache linaua kwa mkono wake. Hupandisha mahitaji ya mwili na papo hapo hupunguza kinachopatikana, halafu njaa, kukosa pumzi au maradhi ndiyo yanayomaliza kazi. Ni mtu ambaye bei ya unga imepanda mwezi uleule aliokatwa mshahara: ukimkuta amedhoofu, daktari ataandika utapiamlo, na hatakuwa amekosea, lakini hajakueleza kilichotokea.

Ndege uliowasoma ni ushahidi mwingine wa hilo, na pengine mkali zaidi, maana ndege ana damu moto na maji ya digrii mbili za ziada hayamdhuru yeye mwenyewe kwa lolote. Ni ndege wenye mgongo mweusi na tumbo jeupe, wapiga mbizi hodari, ambao wataalamu huwaita Uria aalge. Kati ya mwisho wa 2013 na 2016 sehemu kubwa ya kaskazini mashariki mwa Pasifiki ilibaki na joto lisilo la kawaida, mahali pengine digrii 2 na nusu hadi 3 za ziada. Planktoni, yaani viumbe wadogo sana wanaoelea na maji, wale wenye mafuta mengi wa maji baridi wakapungua, wakaingia wadogo wasio na mafuta. Samaki wadogo mfano wa dagaa wakapungua na kukonda. Samaki wakubwa nao, kwa kuwa miili yao ilikuwa imechochewa na joto, wakahitaji kula zaidi ya hao hao wadogo. Ndege huyu hula karibu nusu ya uzito wake kwa siku, na akikosa chakula siku tatu hadi tano amekwisha.

Kati ya katikati ya 2015 na mwanzo wa 2016 mizoga kama 62,000 ilikusanywa kwenye fukwe kuanzia California hadi Alaska. Iliyopasuliwa ilikuwa na hali moja: misuli ya kifua imekwisha, mafuta hakuna, tumbo tupu. Makadirio ya kwanza yalisema huenda wamekufa milioni moja. Watafiti waliporudi kuhesabu makundi yanayotaga kwenye majabali ya Alaska, matokeo yao ya 2024 yalisema ni milioni 4, yaani nusu ya ndege wote wa aina hiyo katika jimbo lile, na idadi ilikuwa haijarudi. Katika Ghuba ya Alaska samaki anayeitwa kodi, ambaye si chewa wetu ingawa wako wanaomtafsiri hivyo, naye aliporomoka kiasi kwamba mwaka 2020 uvuvi wake katika maji ya serikali kuu ulifungwa.

Njia ya pili ni pumzi, na hii wewe muuza samaki inakuhusu kwa karibu zaidi. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi. Maji ya bahari ya digrii 30 yana upungufu wa asilimia 8 hivi ukilinganisha na ya digrii 25, na samaki aliye katika hayo ya 30 anahitaji oksijeni zaidi, si pungufu. Juu ya hapo, maji ya moto ni mepesi, hulala juu ya yale ya baridi, na upepo usipovuma hayachanganyiki. Ya chini yanakosa hewa, ya juu yanakosa mbolea ya chini. Kusi letu lina kazi kubwa hapa. Linapoichafua bahari mkalalamika kwamba madau hayatoki, chini linaichanganya na kuipoza. Kwa jumla bahari za dunia zimepoteza karibu asilimia 2 ya oksijeni yake tangu 1960. Wastani huo unaonekana mdogo, lakini samaki haishi kwenye wastani. Anaishi kwenye ghuba fulani, usiku fulani.

Mfano wa wazi ni Quintana Beach, Texas, Juni 2023. Maelfu ya samaki wadogo wanaosafiri kwa makundi, jamaa wa samaki aitwaye simu na wa dagaa papa, waliingia kwenye maji mafupi yaliyopata joto. Upepo ulikuwa umetulia, kwa hiyo maji hayakukorogwa, na mawingu yalipunguza kazi ya mwani wa majini wanaotoa oksijeni. Samaki wakaimaliza iliyokuwepo, wakaanza kuhangaika, na kuhangaika kunatumia oksijeni zaidi. Asubuhi ufuo ukawa umefunikwa. Vifo vya namna hii hugundulika alfajiri, kwa sababu usiku mimea ya majini haitoi oksijeni bali nayo inaitumia, na kabla jua halijachomoza ndipo inapokuwa kidogo kuliko wakati wote.

Wasomaji wa Mwanza, Kisumu na Entebbe watakuwa wameshataja sangara. Mwanzoni mwa 2021 sangara wengi waliokufa waliokotwa ufukweni mwa Ziwa Victoria, na maelezo ya mamlaka za Uganda yalikuwa kwamba dhoruba zilichanganya maji na oksijeni ikashuka. Ziwa si bahari na kisa kile sikiweki moja kwa moja kwenye hesabu ya joto, ila kinafundisha jambo moja: sangara anahitaji oksijeni nyingi kuliko sato, hivyo akifa yeye wengine wakabaki, umepata dokezo la kilichoua.

Maji ya moto yaliyotulia pia huwapa nafasi planktoni wa sumu. Omani na nchi za Ghuba walipata pigo hilo kuanzia 2008 hadi 2009: maji yalibadilika rangi kwa miezi, samaki wakafa kwa wingi, na mitambo ya kusafisha maji ya bahari ikalazimika kusimama. Uchafu unaotoka nchi kavu na mbolea ya baharini yenyewe huwa na sehemu yao katika mambo haya, kwa hiyo usinielewe kwamba joto peke yake linaleta maji mekundu.

Maradhi nayo hupenda joto. Mwaka 2013 viti vya pweza, wale wanyama wa baharini wenye umbo la nyota, walianza kuyeyuka kando ya pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini. Mkono hujikunja, hukatika, wakati mwingine hutambaa peke yake ukimwacha mwenyewe, na baada ya siku chache mnyama mzima huwa ute juu ya jiwe. Aina kubwa kuliko zote, yenye mikono hadi 24 na upana wa kufika mita moja, ilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya idadi yake, mabilioni ya wanyama. Kwa zaidi ya miaka kumi hakuna aliyejua kwa hakika kinachowaua. Agosti 2025 watafiti walitangaza kuwa ni bakteria, Vibrio pectenicida, wa ukoo mmoja na bakteria wa kipindupindu. Wengi wa ukoo huu huzaana haraka maji yakiwa na joto. Ugonjwa haukuletwa na joto, lakini palipokuwa na joto ulikuwa mkali zaidi. Waliokufa walikuwa ndio wanaokula wale wanyama wa duara wenye miiba. Wanyama hao wa miiba wakaongezeka, wakala misitu ya mwani mkubwa ya kaskazini mwa California hadi zaidi ya asilimia 90 ikatoweka, na konokono wa baharini na samaki waliojificha humo wakakosa pa kukaa. Hao wa mwisho hakuna digrii wala bakteria aliyewagusa.

Je, hakuna wanaopikwa kweli? Wapo. Mwishoni mwa Juni 2021 joto la hewa lisilo na mfano liliikalia pwani ya British Columbia huko Kanada na Washington ya Marekani, na maji kupwa ya mchana yakaangukia siku hizohizo. Miamba iliyoachwa wazi ilipanda hadi zaidi ya digrii 50. Kome walifunguka magamba wakiwa wamebandikwa kwenye jiwe, nyama imeiva. Profesa Chris Harley wa Chuo Kikuu cha British Columbia alikadiria kwamba wanyama zaidi ya bilioni moja walikufa kwenye ufuo ule. Upande wa jabali uliopata kivuli ulikuwa na waliopona hatua chache kutoka kwa waliokufa.

Kwetu bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hupwa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, jua likiwa linaelekea utosini, kwa hiyo maji mafupi ya pwani nayo yana hatari hiyohiyo. Wanaoifahamu kuliko sisi wenye vipima joto ni akina mama wanaolima mwani. Kilimo cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, upande wa mashariki, Paje na Jambiani, kwa mbegu kutoka Ufilipino. Aina mbili: spinosum, ambayo ni ngumu lakini bei yake ndogo, na cottonii, ambayo bei yake ni nzuri lakini haivumilii. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 cottonii imekuwa ikifa kwenye maji mafupi. Unaenda shambani unakuta tawi lina kipande cheupe, laini ukilibonyeza, na chini ya kipande hicho linakatika lenyewe na kwenda na maji. Dakta Flower Msuya wa Unguja, aliyewatafiti wakulima hawa kwa miaka mingi, alisukuma mbinu ya kupanda kwenye maji marefu kwa nyavu za mviringo, ambako maji ni ya baridi zaidi. Mbinu inafanya kazi. Ila inataka mashua, na inataka mkulima ajue kuogelea, na wakulima wengi ni wanawake ambao hakuna aliyewahi kuwafundisha. Mikutano mingi ya mabadiliko ya tabianchi niliyohudhuria haifiki kwenye jambo dogo kama hilo la kuogelea, na mimi naona ndilo kubwa.

Sasa kuhusu kutia chumvi. Takwimu za kaa, ndege na matumbawe hazina chumvi; zimehesabiwa na watu wengi kwa njia tofauti. El Niño, ile hali ya Pasifiki kupata joto kila baada ya miaka kadhaa na kuvuruga hewa na bahari za mbali, imekuwapo tangu zamani, hilo kweli. Kilichobadilika ni kiwango cha joto inachoanzia. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalobaki duniani kwa sababu ya moshi wa mafuta na makaa limeingia baharini, kwa hiyo kila El Niño inayokuja inaikuta bahari iliyokwishapanda. Ndiyo maana 1998 ilifuatwa na 2010 na 2016, na Aprili 2024 ikatangazwa duniani kote kwamba matumbawe yanapauka tena kwa pamoja. Mwaka mmoja baadaye asilimia 84 ya eneo la miamba ya matumbawe duniani lilikuwa limeguswa na joto la kiwango hicho. Vipindi vya joto kali baharini, vile vinavyodumu siku tano au zaidi, vimeongezeka mara mbili tangu miaka ya 1980.

Chumvi ninayoiona mimi iko kwingine. Kila mzoga siku hizi unapewa jina la tabianchi, na wako viongozi wanaolipenda jibu hilo kwa kuwa halimwajibishi mtu wa karibu. Aprili 2006 pomboo kama 400 walikufa Nungwi, kaskazini mwa Unguja. Hakuna ushahidi wa kukiorodhesha kisa kile pamoja na vifo vya joto. Mwamba uliopigwa baruti umepigwa baruti. Mto unaomwaga maji machafu ya mji umemwaga.

Na hali ya karibu ina uzito hata pale ambapo joto kweli ndilo lililoua. Ushelisheli ilifuatiliwa miamba 21 baada ya 1998. Kufikia 2011, 12 ilikuwa imerudi kuwa matumbawe na 9 ilikuwa imegeuka mashamba ya mwani. Iliyorudi ilikuwa na kina zaidi, ilikuwa na mapango na matawi ya kujificha, na ilikuwa na samaki wengi wanaokula majani. Kwa lugha ya sokoni kwako: pono na tasi. Mwamba uliokwishavuliwa pono wote, joto likipita, mwani unaushika na mtoto wa tumbawe hapati jiwe safi la kukaa. Halafu wewe mwenyewe uko mahali pa bahati. Utafiti uliochapishwa 2020 ulionyesha kwamba kati ya Shimoni na Dar es Salaam kuna ukanda ambao maji yake hupoa kuliko jirani zake. Hapo pana mifereji mirefu ya chini, iliyochongwa maelfu ya miaka iliyopita na maji ya barafu iliyoyeyuka kutoka Kilimanjaro na milima ya Usambara, na maji ya baridi ya kina hupanda humo. Ni ukanda uleule wa silikanti, yule samaki wa kale ambaye Tanga imemtengea hifadhi. Matumbawe ya hapo yana nafasi ambayo ya kwingine hayana, mradi yasipigwe baruti kwanza.

Kuhusu kutambua. Ukikuta samaki wengi wamekufa, angalia kwanza saa na upepo. Alfajiri, maji yaliyotulia, wakubwa wamekufa kabla ya wadogo, midomo wazi na mashavu yamefunguka, kaa na kamba wamejisogeza ukingoni wakiwa hai: hiyo ni oksijeni. Maji yana rangi ya chai, wekundu au kijani kizito, na ndege au kasa nao wamekufa au wanayumba: shuku sumu ya planktoni. Aina nyingi kwa pamoja, damu ndani, mfupa wa mgongo umevunjika na kibofu cha hewa kimepasuka: hao wamepigwa baruti, na hakuna haja ya kupima joto. Aina moja tu, ukubwa mmoja, wamesambaa ufuo mzima: huenda ni maradhi, au ni mvuvi aliyetupa asichotaka, jambo linalotokea mara nyingi kuliko tunavyokiri. Ikiwa ni joto lenyewe, utaona dalili nyingi zikija polepole: mwani kukatika, matumbawe kupauka hadi ya kina cha mita kumi, pweza kuhama, na hali hiyo kuenea vijiji kadhaa, si kimoja.

Andika tarehe, saa, mahali, hali ya maji kama ni bamvua au maji mafu, yaani yale madogo ya katikati, na rangi yake. Piga picha za mashavu na matumbo. Weka samaki wachache waliokufa karibuni kwenye barafu, ndani ya mfuko safi, uwafikishe ofisi ya uvuvi au TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Tanzania, siku hiyohiyo. Wenzetu wa Kenya wawapeleke KMFRI, taasisi yao ya utafiti wa bahari na uvuvi. Samaki aliyelala juani nusu siku hafai kwa uchunguzi wowote. Na usiwauze hata kama wanaonekana wazima na bei ni ya kutupa, kwa sababu sumu nyingi za planktoni haziondoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kukausha.